Kichupa Kilichoandikwa Mzima

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, wengi mnanifahamu kwa kuwa vichwa vyenu vimepita mikononi mwangu pale dukani nyuma ya kituo cha mabasi, na kwa niaba ya familia nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka. Kabla sijaanza naomba radhi kwa mambo mawili, kwanza kwamba nasoma karatasi ikiwa imelazwa juu ya meza badala ya kuishika mkononi kama wasomaji wengine, na pili kwamba wateja wangu mnaoniuliza tangu mwezi jana duka litafunguliwa lini, maana mlangoni nimeandika lipo kwenye ukarabati, mtavumilia kidogo, jibu limo humu humu na halitawapita. Jambo la tatu siliombei radhi. Marehemu aliagiza, akiwa bado na ulimi wa kuagiza, kwamba siku ya kumzika isisomwe ile sentensi isemayo alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na jana tumebishana juu ya agizo hilo sebuleni mpaka chai ikapoa vikombeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchora mabango na mama mshona mashuka ya hospitali, mimi nikafuata mwaka 1973, na baada yangu hapakuwa na mwingine. Baba alikuwa akiandika majina ya maduka, mabucha na maduka ya dawa, mkono wake umenyooka kiasi kwamba rula aliwaachia wanafunzi, na binti yake ndiye aliyemshikia kopo la rangi, akiuliza mbona herufi hii ina tumbo, mbona ile imeinama, mpaka baba akamwonya kwamba kwa maswali hayo atazeeka kabla ya kuota meno ya ukubwani. Karibu na mwaka niliozaliwa mimi, herufi za baba zilianza kuyumba. Bango lake la mwisho ni lile lililo juu ya mlango wangu hadi leo, alimchorea kinyozi aliyenitangulia, limeandikwa Kinyozi Safi, na mguu wa herufi ya mwisho umeteleza ukatoka nje ya ubao, mmelicheka sana bango lile na mimi nimecheka pamoja nanyi, kwa kuwa biashara ni kuchangamka.

Mtaani walisema ni pombe. Baba alikuwa akitembea kama mtu anayecheza muziki ambao wengine hawausikii, akiangusha vikombe, akifoka bila sababu kisha akilia kwa aibu, na waliomwona wakasema lisemwalo lipo, wakati mama yetu aliapa mbele ya kila mwenye masikio kwamba mume wake hajapata kuonja hata tone, nao wakamwitikia kwa heshima na kukonyezana alipogeuka. Kabla yake babu alikufa vivyo hivyo na wakasema ana mashetani, shangazi alikufa vivyo hivyo na wakasema amechezewa na wabaya wake, hivyo ukoo wetu ulikuwa na majina matatu ya kitu kimoja na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Baba alifariki tarehe 3 Agosti 1979, baada ya miaka saba ya kuyumba, na aliyesoma historia yake siku hiyo, ambaye ni baba yetu mdogo aliyeketi hapa mbele, alisoma kuwa alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Dada alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, ameketi mstari wa mbele na gauni la kuazima, na nyuma yake akasikia sauti ikinong'ona, muda mfupi wa chupa ngapi. Alinisimulia jambo hilo mara nyingi na kila mara alikuwa akisimulia kwa hasira mpya.

Kielimu, marehemu alisoma shule ya msingi iliyo jirani na kiwanda hicho kuanzia Januari 1973, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1985, na mwaka 1986 akajiunga na chuo cha teknolojia ya maabara, ambako alihitimu stashahada mwezi Juni 1989. Huko chuoni ndiko alikoiona DNA kwa macho yake mara ya kwanza, waliitoa kwenye kitunguu kilichopondwa na chumvi na sabuni ya vyombo, wakamiminia spiriti iliyopozwa, zikapanda nyuzi nyeupe zenye utelezi, naye alipokuja likizo akataka kurudia mambo yale jikoni kwetu. Mama alipoona chupa ya spiriti ndani ya nyumba iliyosingiziwa ulevi miaka yote ile, alitaka kuitupa dirishani na mwenye chupa pia, na ilibidi majirani waitwe waje kushuhudia kwamba kinacholeweshwa ni kitunguu.

Mimi alinieleza kwa zipu ya koti langu la shule. Alisema kila seli ya mwili imebeba uzi mrefu, uzi huo ni pande mbili zilizosokotana, na meno yake ni herufi nne tu, A hukamatana na T, G hukamatana na C, wala hakuna inayomkosea mwenzake, na seli inapotaka kuzaa nyingine zipu inafunguka, kila upande unajijengea mwenzake upya, mwisho zinakuwa zipu mbili zinazofanana na ile ya kwanza. Nikamwuliza je, kama wakati wa kunakili kitu kimekosewa, akajibu kwamba wamo wakaguzi ndani ya seli, hupita nyuma wakisahihisha, na makosa karibu yote hufutwa, ila kosa moja likiwaponyoka basi tangu hapo linanakiliwa kwa uaminifu ule ule kama yale yaliyo sahihi, kutoka seli hadi seli, na kutoka mzazi hadi mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikafunga zipu nikaenda kucheza mpira.

Kikazi, aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1989 katika maabara ya hospitali kuu, akipima damu na makohozi, kisha kati ya mwaka 1991 na 1993 akasoma shahada, na aliporudi akapelekwa chumba kipya cha vinasaba, kilicho mwisho wa korido ya ghorofa ya pili. Hicho si chumba kimoja, ni viwili, na kila kimoja kina koti lake na glovu zake, maana kitu chochote kilichokwisha kunakiliwa hakiruhusiwi kurudi mahali pa kuchanganyia dawa, hata ukucha wa mtu unaweza kuharibu kazi ya wiki. Mashine yenyewe haizidi ukubwa wa redio, inapasha moto na kupoza, inapasha na kupoza, zipu zinafunguka na kujijenga, na kipande kimoja kilichowekwa asubuhi kinakuwa mamilioni kabla ya chakula cha mchana. Baadaye vipande hutiwa kwenye jeli na kusukumwa kwa umeme, vifupi hukimbia mbele na virefu huchelewa nyuma, na ukizima taa ya kawaida ukawasha ya urujuani, mistari inang'aa gizani, ndipo mtu husoma yaliyomo ndani ya mtu mwingine.

Kuna desturi moja ya kazi ile ambayo lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyogeuza maisha ya marehemu. Kila wanapopima huweka kichupa cha maji matupu, ambacho hakitakiwi kuonyesha kitu, kwa kuwa maji yakionyesha mstari kazi yote inamwagwa, na huweka kichupa cha mtu asiye na ugonjwa unaotafutwa, ili mgonjwa alinganishwe naye. Damu ya mtu wa namna hiyo haiuzwi dukani, wafanyakazi hujitolea ya kwao, na dada yangu alijitolea tangu mwezi wa kwanza, akakiandika kichupa chake neno moja, Mzima, kwa mwandiko ulionyooka kama wa baba, kikawekwa kwenye friza, na wenzake wakaacha jina lake wakamwita hilo. Kwa miaka mingi kila ugonjwa uliotafutwa mle ulitafutwa pia kwake kwa kulinganisha, haukuonekana, na yeye alikuwa akitania kwamba hakuna mtu katika mji huu aliyethibitishiwa uzima mara nyingi kama yeye.

Kuhusu ndoa, mwanzoni mwa mwaka 1994 friza ile ilizimika na sampuli za watu zikaanza kuyeyuka, akaitwa fundi wa majokofu, kijana mwembamba mwenye bisibisi nyuma ya sikio, akaitengeneza, kisha akawa anarudi kila wiki kuikagua ingawa haikuwa na tatizo lolote, mpaka mkuu wa maabara akasema hajapata kuona friza inayodekezwa kiasi kile. Walifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1995, na tarehe 9 Novemba 1996, katika wodi ya wazazi ya hospitali hiyo hiyo, wakajaliwa binti, ambaye ni mtoto wao wa pekee, na juu ya upekee huo yamesemwa mengi, nami nitayafikia. Mama yetu aliwahi kumbeba mjukuu wake huyo, kisha akafariki tarehe 12 Januari 1998, akiwa bado anaapa kwamba mume wake hakuwa mlevi, na nathubutu kusema hadi siku ile hapakuwa na aliyemwamini sawasawa, hata sisi wanawe tulikuwa tunamwitikia tu ili apumzike.

Mwezi Oktoba 2001 daktari wa mishipa ya fahamu aliwaletea damu ya mgonjwa mmoja, si wa ukoo wetu, akitaka maabara ile ipime kwa mara ya kwanza ugonjwa wa Huntington, ambao mara nyingi huanza mtu akiwa amekwisha kuzaa watoto wake, ukamchezesha viungo, ukamgeuza tabia, ukamnyang'anya maneno, na mwisho ukamnyima hata kumeza. Dalili hizo dada alizisoma kama wenzake walivyozisoma, lakini kwetu sisi jambo lile lilikuwa na jina lake tayari, pombe, na hata mtoto aliyelikataa jina hilo hakuwa na jingine la kuweka mahali pake. Basi akaandaa kazi kama kawaida, kichupa cha mgonjwa, kichupa cha maji, na kichupa kilichoandikwa Mzima.

Siku ya Jumanne tarehe 16 waliwasha taa ya urujuani, yeye na mkuu wa maabara, ambaye yupo hapa na ndiye shahidi wangu. Maji hayakuonyesha kitu. Mgonjwa alionyesha mistari miwili, mmoja mahali pake na mwingine umechelewa nyuma, na Mzima naye akaonyesha mistari miwili, mmoja mahali pake na mwingine umechelewa nyuma, sambamba kabisa na ule wa mgonjwa. Mkuu alicheka, akasema leo Mzima wetu kachafua kazi, maana mle ndani mshukiwa wa kwanza siku zote ni mkono, na hakuna aliyefanya kazi ile bila kuchanganya vichupa hata siku moja. Dada akakubali, akamwaga kila kitu, akabadilisha glovu, akafungua maji mapya, akachukua pipeti nyingine, kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea matone, akarudia, na mstari ukachelewa pale pale. Mara ya tatu alijitoboa kidole mbele ya mkuu, wakafanya kazi hiyo pamoja, na chini ya taa mstari ukachelewa pale pale. Hapo akavuta kiti akaketi, akaitazama ile jeli, na neno la kwanza lililomtoka halikumhusu yeye mwenyewe, alisema kumbe baba hakuwa mlevi.

Wahenga husema kinyozi hajinyoi, nami ninayeishi kwa wembe najua maana yake, lakini dada yangu alijinyoa bila kukusudia, na alichokiona hakikuwa na njia ya kurudishwa. Kwa jinsi alivyonieleza, mahali fulani katika uzi wetu kuna herufi tatu, C na A na G, zinazojirudia kama mtu mwenye kigugumizi, kila binadamu anazo na hazimdhuru, ila zikipita arobaini ubongo huanza kuliwa taratibu, na hakuna dawa ya kuponya. Kila mzazi ana nakala mbili na humpa mtoto moja, kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa huzaliwa kwa kurushiwa sarafu, na kigugumizi hicho kikipita kwa baba huweza kurefuka zaidi, kikamkuta mtoto mapema kuliko kilivyomkuta baba. Nimelisoma hilo polepole kwa sababu wanangu wawili wameketi pale, upande wa dirishani, na ninataka walisikie kwangu.

Alimweleza mumewe jioni ile ile, na kwa ruhusa ya shemeji yangu natamka mbele yenu kwamba ndiyo sababu hawakuzaa tena. Watu walisema kazi imempanda kichwani, wakasema anaringa, mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikufa akiamini mkwewe alimnyima wajukuu kwa makusudi, na yeye akavibeba vyote hivyo kimya, maana kueleza sababu kungekuwa kumtangazia binti wa miaka mitano hukumu ambayo huenda haikuwa yake. Kazini alikifuta kichupa lile neno kwa pamba na spiriti, akaandika jingine, akakitoa safu ya wazima akakiweka safu ya wagonjwa, na tangu hapo kila mtu anayepimwa ugonjwa huu katika maabara ile hulinganishwa na yeye. Jina la Mzima wenzake walitaka kuliacha, akawakatalia, akasema alilipata kihalali na halimkosei mtu. Ijumaa iliyopita, siku moja kabla hajafa, kichupa kile kilitumika, na wiki zijazo kitatumika tena, hivyo sisi tukiwa tumekwisha kumfukia huku, kule ghorofa ya pili mashine itakuwa inamnakili, mamilioni kwa mamilioni, sehemu ile ile iliyomuua.

Kuhusu ugonjwa wake, ulianza mwezi Februari 2007, kikombe kilimtoka mkononi nyumbani kwangu, kikavunjika, watoto wakacheka, naye hakucheka wala hakuinama kuokota vipande, alinitazama mimi. Siku hiyo ndipo aliponieleza haya yote, akaniambia naweza kupimwa nikitaka, nami nikamjibu kwamba sitaki, kwamba sikio la kufa halisikii dawa na langu liachwe hivyo hivyo, akasema sawa, kujua ni haki yako na kutojua pia ni haki yako, akaniandalia chai. Kazini alijiwekea mtihani wa siri, kila Jumatatu alidondosha maji katika vichupa kwa pipeti na kuvipima uzito kimoja kimoja, na vilipoacha kulingana alikwenda mwenyewe kwa mkuu, akalaza pipeti juu ya meza, akastaafu tarehe 30 Juni 2010 bila kungoja kuambiwa.

Kuanzia mwaka 2013 miguu ilianza kumchezea, shemeji yangu akachukua ile mipira ya milango ya majokofu mabovu akaizungushia pembe zote za meza, vitanda na kabati, nyumba nzima ikawa haina pembe inayoumiza, na mliowahi kuwatembelea mkashangaa viti vyenye mipira, sasa mmejua. Mwaka 2015 sokoni mtu alimwona akiyumba, akasema kwa sauti kwamba mama huyu leo kaanza mapema, kama walivyosema kwa baba, na dada, ambaye bado alikuwa na maneno machache, akamgeukia akamwambia hapana, nimerithi. Maneno yalimwisha kabisa mwaka 2019, chakula kikawa cha kupondwa, kisha cha mrija, na tangu Mei mwaka huu kifua kilimbana kwa sababu chakula na mate vilikuwa vinapotea njia. Alilazwa tarehe 2 Juni katika wodi ya wanawake ya hospitali kuu, chini kabisa ya kile chumba alichofanyia kazi, na akafariki kwa nimonia siku ya Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono ambao kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ulikuwa umetulia.

Sasa narudi kwenye ubishi wa jana. Baba mdogo, ambaye namheshimu kama aliyenizaa, na ambaye Mungu amemjalia umri mrefu wa mikono iliyotulia, alitaka nisome ile sentensi ya muda mfupi, na si kwa ubaya, alisema mwaka 1979 kulikuwa na mabinti watatu wa ukoo waliokuwa hawajaolewa, na kama angetamka kwamba kitu hiki kimo ndani ya damu wangezeekea nyumbani, aliyafunika ili tupate kuishi. Akasema pia kwamba binti ya marehemu ni mchumba wa mtu, wakwe watarajiwa watakuwa wamekaa ukumbini, nisubiri angalau harusi ipite. Nilimwelewa, na nakiri nilianza kulegea. Lakini binti mwenyewe alisimama akasema yeye amekwisha kumweleza mchumba wake tangu mwezi Machi, naye bado yupo, na kama wazazi wake hawalijui basi walijue hapa hapa, kuliko kulijua siku mtoto wao atakapoita daktari. Kisha akamwuliza baba mdogo, ambaye kwake ni babu, kwa adabu, sentensi ile imenakiliwa kwa babu yetu, kwa shangazi yetu na kwa baba yetu, je, imemponya nani. Tunasema kila siku mficha maradhi kifo humuumbua, ila tukifika msibani tunaisahau methali yenyewe. Baba mdogo alivua kofia yake akaishika mapajani, na asubuhi hii ndiye aliyenisogezea meza hii.

Kwa hiyo naisoma kama alivyoagiza. Marehemu hakufariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alifariki baada ya kuugua kwa miaka kumi na saba, kwa ugonjwa wa Huntington, aliorithi kwa baba yake, ambaye alirithi kwa baba yake, na baba yetu mchora mabango hakuwa mlevi, hakuonja hata tone, mama alisema kweli, na kama yumo humu aliyenong'ona siku ile na bado yu hai, nimemsomea yeye pia.

Na mimi. Mwezi Aprili nilimkata sikio mteja wangu wa siku nyingi, dereva wa lori, akatania kwamba hakuja kuchinjwa, tukacheka, nikampaka dawa. Mwezi Mei wembe uliruka tena, safari hii karibu na shingo ya mtoto, na jioni ile nikafunga duka, hakuna kinachokarabatiwa mle ndani, niliandika hivyo kwa kuwa mimi nami ni wa ukoo huu na kufunika nimefunzwa. Jumatatu tarehe 24 Juni, mimi na binti ya marehemu tutapanda ghorofa ya pili, mshauri ameshazungumza nasi, tutatolewa damu, na siku watakapowasha ile taa mistari yetu itakuwa imelala kwenye jeli moja, jirani na mstari wa dada yangu, tukilinganishwa naye. Naogopa. Sina lugha nzuri zaidi ya hiyo, naogopa kwa ajili ya yule msichana na kwa ajili ya wanangu kuliko ninavyojiogopea mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomlisha dada yangu kwa subira bila kumharakisha, namshukuru mkuu wa maabara na wafanyakazi wenzake walioendelea kumletea habari za kazi hata alipokuwa hawezi kujibu, nawashukuru majirani mliompisha njiani na kumshika mkono kwenye ngazi, na nyinyi mliosema kaanza mapema nawashukuru vilevile, maana leo mmekuja kumzika na kuja si kidogo. Shemeji, asante, friza uliyoidekeza miaka thelathini iliyopita ingali inafanya kazi, na yeye yumo.

Kabla sijakaa, naitoa karatasi hii mezani na kuishika mkononi kama wasomaji wengine wanavyofanya, nainua juu ili walioko nyuma nao waione, itazameni inavyocheza, wala msiambiane ni majonzi. Dada, umesomwa kama ulivyoagiza, pumzika kwa amani, zamu ya kusomwa sasa ni yetu.